Kamera Kidevuni

Jumatatu, 2 Juni

Ng'ombe wa mwisho leo alikuwa wa Mzee Asenga, kule juu karibu na msitu. Kazi imeenda vizuri. Mzee ameridhika, amenipa na mkungu mdogo wa ndizi mshare. Nikafunga mtungi wa mbegu za madume, zile ninazowapandikizia ng'ombe, kwenye keria, nikavaa helmeti, nikaanza kushuka. Jua lilikuwa bado lipo, lakini ukungu ulishateremka.

Kinachoniua ni kile kipande cha shamba kubwa la kahawa. Hakuna nyumba hata moja. Mibuni kushoto, mibuni kulia, miti mirefu ya migrivelia imesimama pembeni kama watu. Na njia nyingine sina. Ile ya mtoni ilikatika kwenye masika, hakuna aliyeitengeneza.

Pale ndipo Deo alipokatwa wiki iliyopita. Deo ni bodaboda wa kijiwe chetu. Ndiye aliyenifundisha kuendesha pikipiki, wakati watu wanacheka kwamba mwanamke hawezi kupanda mlima wa Kibosho na mtungi nyuma. Mtu alifunga waya kutoka mti hadi mti, usawa wa shingo. Deo alipozinduka alikuwa mtaroni. Pikipiki haipo. Waya nao haupo.

Nimepita nimelala kifua juu ya tangi. Nimefika nyumbani. Sijala.

Jumanne, 3 Juni

Nimekwenda hospitali kumwona Deo. Bandeji shingoni mpaka chini ya masikio. Sauti haitoki. Daktari anasema huenda ikarudi, huenda isirudi kama ilivyokuwa. Anakula mtori wa ndizi tu, mwepesi, kwa kijiko cha chai. Mtu mwenye mwili kama ule, kwa kijiko cha chai.

Aliniandikia kwenye simu. Neno moja: WAYA. Halafu: HAWANIAMINI.

Ni kweli. Mtaani wanasema alikuwa ametoka kunywa pombe ya mbege, akajigonga kwenye tawi. Mwenye pikipiki naye anasema Deo ameiuza halafu akajichana mwenyewe. Kujichana shingo! Nani anafanya hivyo?

Jioni nikaongea na Proches kwenye simu. Mume wangu anaendesha lori, kituo chake ni Himo, nyumbani huja siku moja moja. Akasema, "Mama Brayan, acha kutoka jioni." Nikamwambia ng'ombe akishika joto, akitaka dume, hasubiri mchana wa kesho. Ukichelewa, mwenye ng'ombe amepoteza, na wewe umempoteza mwenye ng'ombe. Anajua. Ada za watoto zinatoka kwenye ule mtungi.

Naogopa. Niandike tu hivyo hivyo. Naogopa.

Jumatano, 4 Juni

Nimewaza jambo. Wageni wanaokuja kupanda mlima hufunga kamera ndogo kichwani. Wanapiga picha wakitembea, wakianguka, wakitapika. Kwa nini nisifunge yangu? Nikipatwa na kitu, angalau kionekane. Wasije wakasema na mimi nilikunywa mbege.

Alhamisi, 5 Juni

Mjini. Duka la kwanza, kijana mwenye cheni shingoni akaniwekea boksi linalong'aa. "Sista, hii ni kali, picha kama sinema." Nikamwambia aiwashe. Ikawaka. Nikamwambia aimwagie maji. Akacheka, akarudisha kwenye boksi.

Duka la pili walitaka niendeshe kamera kwa simu. Nitaendeshaje pikipiki na simu mkononi, nimevaa glavu, matope mpaka magotini?

Mwishoni nikampigia mpwa wangu, Faustini, ambaye anaongoza wageni mlimani. Akanikutanisha na mwenzake anayeuza kamera aliyoachiwa na mgeni. Imechubuka kona. Haijali maji. Ina kitufe kimoja kikubwa juu, unakibonyeza hata ukiwa na glavu, nayo inatetemeka kidogo ujue imeanza kurekodi. Nyepesi kuliko yai. Nikaitumbukiza kwenye ndoo ya maji mbele yake. Nikaitoa. Inafanya kazi.

Hiyo hiyo. Nimechukua.

Ina taa nyekundu mbele inayowaka ikirekodi. Sikufikiria juu ya taa.

Jumamosi, 7 Juni

Kuinunua ilikuwa kazi ndogo. Kuifunga ndiyo kazi.

Kwanza nikaifunga kwenye usukani kwa bano. Nikashuka mpaka kanisani, nikapanda. Picha ilivyotoka ni aibu: barabara yote inachemka kama uji. Pikipiki yangu inatetemeka, na mawe ya Kibosho yanajulikana. Sioni mti, sioni mtu.

Nikajaribu kifuani, kwa mikanda ya begi la shule la Brayan. Imerekodi tangi la mafuta na kifungo cha koti langu. Nikiinama, giza. Na mimi siku hizi naendesha nimeinama.

Nikajaribu juu ya helmeti. Jani la mgomba likaipiga ikaangukia shimoni. Mama mmoja akaniuliza kama siku hizi nimekuwa askari.

Nimekaa kibarazani nimeshika kamera, nikalia kidogo. Si kwa ajili ya kamera.

Jumapili, 8 Juni

Deo ameruhusiwa. Baada ya Misa nilimpelekea mtori, nikabeba na helmeti. Nilitaka tu kumwonyesha ujinga wangu.

Aliishika ile helmeti muda mrefu, akiigeuza. Halafu akaweka kidole hapa, mbele ya kidevu. Akaandika: HAPA. INAONA UNAKOTAZAMA. Akaingia ndani, akatoka na kipande cha tyubu kuukuu. Tukakata vipande, tukavipanga viwili chini ya kamera ili vimeze mtikisiko. Tukasugua helmeti kwa msasa, maana gundi haishiki kwenye kitu laini kinachoteleza. Gundi, halafu vipande vya tyubu, halafu kamera, halafu mkanda wa tyubu kuzunguka. Mwishoni akaifunga kwa uzi wa nailoni mpaka kwenye kamba ya helmeti, ili ikibanduka isidondoke barabarani.

Mikono yake haijaugua. Inafanya kazi kama zamani. Kwa mara ya kwanza tangu ile siku nimeona meno yake.

Halafu akanisogelea, akanigusa shingo kwa kidole, polepole, akatikisa kichwa. Nikamwelewa. Nisipite pale.

Na nitapita wapi?

Jumanne, 10 Juni

Jaribio la kweli. Nilipanda kwa wateja wawili, nikarudi jioni. Ukungu mzito. Kabla ya shamba la kahawa pikipiki ikaja nyuma yangu, taa moja. Nikipunguza, inapunguza. Nikiongeza, inaongeza. Nikaanza kusali kwa sauti ndani ya helmeti, nasikia pumzi yangu mwenyewe. Tulipofika kwenye nyumba za walimu ikakata kona. Mwalimu wa hesabu. Akaniambia alikuwa ananifuata makusudi, anaogopa njia peke yake! Kumbe mimi ndiye nilikuwa ulinzi wake. Akaingia kwake, nami nikaendelea kwenye kahawa.

Katikati ya shamba palikuwa na vijana wawili wamesimama kando ya barabara. Nikakanyaga breki. Kisha nikamtambua mmoja: Kelvin. Nikashusha pumzi. Ni mtoto wa Mama Kelvin, mteja wangu wa kwanza kabisa, aliyenikabidhi ng'ombe wake wakati wengine wananifungia geti. Huyo mwingine, mwenye koti la mvua la bluu, simjui.

"Shikamoo, Dokta." Wateja huniita hivyo, ingawa kazi yangu ni kupandikiza tu.

"Marahaba, Kelvin. Mbona mko huku na baridi hii?"

"Tunamsubiri mtu. Hiyo ya kidevuni inarekodi?"

"Naijaribu tu."

Nikapita. Nimefurahi kumwona mtu ninayemjua. Kweli, nilifurahi.

Jumatano, 11 Juni

Sijui nianzie wapi.

Nilikwenda kwa Deo tuangalie kama picha imetulia. Imetulia kweli. Unaona mibuni, unaona matone ya ukungu. Deo anatikisa kichwa, ameridhika. Tukafika pale nilipomgeukia Kelvin, na kamera ikageuka pamoja na mimi.

Deo akanishika mkono akanibana mpaka nikaumia. Akasimamisha picha.

Mkono wa kushoto wa Kelvin, ule ulio nyuma ya paja, umeshika waya. Waya mwembamba wa fensi, umekunjwa kama mviringo. Ncha yake inashuka chini, inavuka barabara, imelala kwenye matope. Inapanda kwenye mgrivelia wa upande wa pili. Imeshafungwa pale. Usawa wa shingo.

Nilipita juu yake. Nilisimama juu yake nikasalimiwa.

Na yule mwenzake, koti lile la bluu ni la Deo. Ameniandikia kwamba lilikuwa kwenye keria siku ile alipokatwa. Deo alilinyooshea kidole kwenye kioo mara nyingi, machozi yanamtoka, koo linatoa mlio kama mlango mbovu.

Kwa nini waliniacha? Labda kwa sababu Kelvin ananijua. Labda kwa sababu ya ile taa nyekundu.

Wanajua nina picha yao.

Alhamisi, 12 Juni

Sikutoka. Nimewaambia wateja pikipiki ni mbovu. Nimefunga mlango mchana, nimekaa jikoni. Mbwa akibweka nasimama.

Deo anataka twende polisi leo leo. Nimemwomba tumsubiri Proches, anakuja Jumanne. Sitaki kupita njiani peke yangu na ile kadi ya kamera mfukoni. Nakala nimemtumia Proches kwenye simu. Alipiga hapo hapo. Alisema nisifungue geti kwa mtu yeyote. Akarudia mara mbili, na Proches si mtu wa kurudia.

Namwaza Mama Kelvin. Mjane. Ana ng'ombe mmoja na mtoto mmoja. Ng'ombe anaitwa Rozi. Mtoto alisomeshwa na maziwa ya Rozi na ya mama yake Rozi. Nitamtazamaje?

Ijumaa, 13 Juni

Saa za alasiri ikaingia simu, namba ngeni. Sauti ya kiume. Ng'ombe wake yuko kwenye joto, juu kule, kupita shamba la kahawa, nifanye haraka kabla giza halijaingia.

Nikauliza ng'ombe gani. Kimya kidogo. "Mweusi."

Nikauliza amezaa mara ngapi. Kimya.

Nikauliza dalili za joto ameziona tangu saa ngapi. Akakata.

Mfugaji hawezi kukosa jibu la maswali hayo. Mfugaji anakujibu na ambayo hujauliza.

Nimekaa sakafuni. Walitaka nipande.

Jumamosi, 14 Juni

Asubuhi akapiga Mama Kelvin mwenyewe. "Dokta, Rozi analia tangu alfajiri, amemwaga ute, njoo." Hiyo ni sauti ninayoijua. Na kwake ni chini ya shamba la kahawa, sipiti pale. Nikasali nikaenda, kweupe, barabara ina watu wanaokwenda sokoni.

Kelvin alikuwepo. Ndiye aliyemshika Rozi. Nimefanya kazi mkono wangu umo ndani ya ng'ombe mpaka kwenye kiwiko, na uso wake uko karibu na wangu hivi. Ananuka sabuni. Ana vipele vya kunyoa. Mtoto.

Akaniuliza polepole, mama yake asisikie. "Ile kamera, Dokta, ilikubali?"

"Haikukubali. Inatikisika sana, haionyeshi kitu."

Akanitazama. Sijui kama aliamini. Mrija ulikosa njia, ilibidi nianze upya. Kisha akaosha mikono, akasema anakwenda kijiweni, akaondoka.

Ningeweza kuondoka na mimi. Lakini Mama Kelvin akanitolea kigoda jikoni, akanimiminia maziwa, akaanza kunisimulia kwamba siku hizi Kelvin hali vizuri, hasemi naye, ana rafiki mgeni ambaye haingii ndani kusalimia. "Dokta, wewe umesoma. Unadhani ni nini?"

Nikatoa simu. Nikamwonyesha. Sikupanga. Mkono ulikwenda wenyewe.

Alitazama mpaka mwisho. Akaniambia nirudie. Nikarudia. Alisogeza kioo karibu na macho, akaangalia ule mkono wa kushoto. Akamwita Mungu kwa Kichagga, "Ruwa wangu." Hakupiga kelele. Kwenye jiko lile nilitamani apige kelele.

"Huyu ni wangu," akasema. "Huyo mwingine ndiye rafiki."

"Ndiyo, mama."

"Nani mwingine ameona?"

Nikaogopa hapo hapo. Nikamwambia: Deo, na mume wangu. Akatikisa kichwa taratibu.

"Nipe mpaka kesho, baada ya Misa. Niongee naye mwenyewe."

Nikampa. Nimetoka pale sijui kama nimeongea na mama mwenzangu au nimeongea na mama wa Kelvin.

Jumapili, 15 Juni

Mama Kelvin hakuja kanisani. Tangu nimfahamu sijaona kiti chake kitupu. Simu yake imezimwa.

Deo ameniandikia maneno makali. UMEMWONYESHA? Na mengine nisiyoyaandika hapa. Ana haki. Halafu akachukua utepe mweusi akabandika juu ya ile taa nyekundu. Alifanya bila kunitazama.

Nimejiuza mwenyewe. Hilo ndilo ninaloliwaza.

Jumatatu, 16 Juni

Naandika usiku huu huu.

Nilisema sitapanda mpaka Proches aje. Lakini asubuhi Mama Shayo akapiga, ninayemjua tangu sijaolewa, ng'ombe wake amekwama kwenye kuzaa na daktari wa mifugo yuko Masama kwenye msiba. Nikajisemea ni mchana, nitawahi. Nikabonyeza kitufe cha kamera, nikapanda. Wakati wa kwenda hapakuwa na mtu.

Ndama alikataa. Tulivuta, tukapumzika, tukavuta. Alipotoka yuko hai, mvua ilikuwa imeanza. Nikaanza kushuka saa kumi, lakini ukungu ulikuwa mzito kama jioni. Nikawasha taa, haikusaidia kitu. Naona weupe tu.

Nikaingia kwenye kahawa. Gia ya pili. Nimelala juu ya tangi, kidevu na kamera yake vinagusa usukani. Natafuta waya na sioni hata barabara. Nilikuwa nawaita watoto wangu kwa majina.

Halafu sauti. Ya mwanamke. "Simama! Dokta, simama! Simama!"

Nikafikiri ni wao. Nikafikiri wamemleta mwanamke wa kunidanganya. Mkono ukataka kuongeza mafuta. Sijui ni nini kilichonizuia. Nikakanyaga breki, pikipiki ikateleza ikalala, nikalala nayo.

Alikuwa Mama Kelvin. Katikati ya barabara, kanga imelowa, hana kiatu kimoja. Ameshika waya kwa mikono miwili, ameuvuta chini kwa uzito wake wote, amepiga magoti juu yake. Damu inatoka viganjani. Upande mmoja ulikuwa bado umefungwa mtini.

Kelvin alikuwa ameketi ukingo wa mtaro, kichwa kati ya magoti, analia kama mtoto wa chekechea. Yule mwenzake hakuwepo. Alikimbia kwenye mibuni alipomwona mama.

Nilivua helmeti.

Mama Kelvin alinieleza pale pale, amepiga magoti. Jumamosi alimuuliza mtoto akakana. Jumapili akamfungia ndani, simu akazificha zote mbili. Leo mchana yule rafiki alikuja nyuma ya nyumba, akamwambia Kelvin kupitia dirishani: dokta amepanda, na kamera yake anayo, leo ndiyo leo. Mama alikuwa zizini, akasikia. Alipozunguka, dirisha liko wazi. Akakimbia kwa miguu mpaka huku. Mwanamke wa umri ule, kwa ule mlima.

"Nilidhani nimechelewa," akasema. "Nilisikia pikipiki nikadhani nimechelewa."

Kisha akaitazama helmeti. "Hiyo inachukua?"

"Ndiyo, mama."

"Izime. Asichukuliwe analia hivi."

Nikaizima.

Akamwinua Kelvin kwa kwapa. Akamwambia kwa Kichagga atembee. Tulishuka wote watatu, mimi nakokota pikipiki, taa imevunjika, mpaka kwa mwenyekiti wa kijiji. Mlangoni kwa mwenyekiti ndipo Mama Kelvin alipomwambia, "Sema mwenyewe. Mimi sitakusemea."

Akasema. Yote. Na jina la mwenzake, na pikipiki ya Deo ilikofichwa.

Jumanne, 17 Juni

Proches amefika. Alinishika uso akanikagua shingo kwanza, kabla ya salamu.

Tumekwenda kituo cha polisi, yeye, mimi na Deo. Kadi imebaki kwao. Yule mwenye koti la bluu wamemkamata karibu na Himo, akitafuta gari la kuvuka mpaka. Pikipiki imepatikana kwenye banda la kuku, imeshapakwa rangi nyingine. Mwenye pikipiki amempa Deo mkono wa pole. Deo ameupokea lakini hakumtazama.

Kelvin yuko ndani.

Alhamisi, 19 Juni

Kwenye kituo cha kukusanyia maziwa mama mmoja amenipa mgongo. Mwingine akasema kwa sauti nisikie kwamba kuna watu wanatembea na kamera kuuza watoto wa wenzao. Mwingine tena akanishika mkono, akasema mumewe ni bodaboda, na usiku walipokamatwa wale yeye alipata usingizi.

Nimebadili njia ya kwenda dukani. Bado naogopa, ila sasa sijui ninamwogopa nani.

Jumapili, 29 Juni

Mama Kelvin amekwenda kwa Deo. Nilikuwepo, Deo aliniomba niwepo.

Alikuja na kaka wa marehemu mume wake, mzee mwenye fimbo. Mkononi ameshika jani la isale, limefungwa fundo. Viganja vyake bado vina bandeji. Huku kwetu kila mtu anajua maana yake: mtu akikuletea isale anaomba msamaha, na kulikataa ni jambo zito, wazee hawalisemi hata kwa sauti.

Hakuingia. Alisimama uani, akasema, "Deo baba, nimekuja kwa ajili ya mtoto wangu. Siombi atoke. Sheria imfanye inavyotaka. Naomba moyo wako usimlaani."

Deo alikaa. Alikaa mpaka yule mzee akaanza kubadilisha mguu wa kusimamia. Bandeji imetoka siku hizi, na kovu linaonekana, jekundu, limezunguka kama kola. Mama Kelvin alilitazama lote, hakugeuza macho.

Mwisho Deo akasimama. Akaenda, akalipokea lile jani kwa mikono miwili. Hakuandika kitu. Akaingia ndani nalo.

Mama Kelvin aliketi chini palepale uani. Nikaenda nikakaa naye.

Jumamosi, 12 Julai

Baridi. Mlima umejifunika tangu asubuhi.

Wateja wawili juu. Proches alinisindikiza mara mbili wiki iliyopita, leo yuko kazini. Nimekwenda peke yangu. Kamera bado iko kidevuni, haina kadi. Sijanunua nyingine. Labda nitanunua.

Kazi imekwenda vizuri. Nimekunywa chai kwa watu, nimeongea habari za majani ya ng'ombe na bei ya pumba. Nimeondoka jua bado liko juu.

Kwenye kahawa vibarua walikuwa wanapogoa, wanaimba, redio inalia. Hapakuwa na chochote cha kuogopa. Nilijua hivyo. Lakini nilipofika kwenye ile migrivelia miwili, nilizima injini. Nikashuka. Nikaisukuma pikipiki kwa mkono, mkono mmoja nimeunyoosha mbele, usawa wa shingo, mpaka nikaona paa la nyumba ya kwanza.

Kibarua mmoja akauliza kama mafuta yameisha. Nikamwambia ndiyo.

Nikapanda, nikawasha, nikashuka nyumbani.